Kanali Taher: alimtoa Zia kifungoni, akanyongwa chini ya utawala wa Zia

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Kijiweni kwetu juzi palizuka ubishi juu ya ofisa mmoja wa Bangladesh, Kanali Taher. Wanasema alikatika mguu akipigania uhuru wa nchi yake, na haijatimia miaka 5 nchi hiyohiyo ikamnyonga. Tena aliyemnyonga ni mtu ambaye Taher mwenyewe ndiye alimwokoa. Wanasema pia alikuwa komando aliyefunzwa Marekani, halafu akageuka mkomunisti. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, ilikuwaje mtu aliyeijua vita kiasi hicho akaingia mtegoni kirahisi namna ile?

JIBU: Marahaba. Wenzako kijiweni hawakukudanganya, ila wamepunja maeneo mawili. Kwanza, Taher hakugeuka. Mawazo ya mrengo wa kushoto alikuwa nayo akiwa bado amevaa gwanda la Pakistan, wakati Bangladesh ingali Pakistan Mashariki. Pili, sahihi iliyomnyima msamaha ilikuwa ya Rais Sayem, jaji aliyekalia kiti cha urais bila meno. Nguvu yenyewe ilikuwa kwa mkuu wa jeshi, Jenerali Ziaur Rahman, na ndiye huyo Taher aliyemtoa kifungoni miezi 8 kabla.

Nianze na mtu mwenyewe. Abu Taher alizaliwa Novemba 14, 1938, huko Badarpur, Assam, baba yake akiwa mkuu wa stesheni ya reli. Asili ya familia ni kijiji cha Kazla, Netrokona, upande wa kaskazini wa Bangladesh ya leo. Watoto wa mfanyakazi wa reli hukulia stesheni hii leo, ile kesho, na hawa walikuwa wengi. Ndugu zake utawakuta kila hatua ya habari hii, kwa hiyo uwakumbuke: Yusuf, Anwar, Bahar, Belal.

Aliingia Jeshi la Pakistan mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hapo pana jambo ambalo wengi hulipita. Baada ya maasi ya 1857, Waingereza waliamua kwamba Wabengali si watu wa vita, wakaanza kuchukua askari zaidi Punjab na mipakani kaskazini-magharibi. Ni nadharia ileile ya "makabila ya kivita" waliyokuja nayo Afrika Mashariki walipokuwa wakichagua nani aingie KAR, jeshi lao la huku, na nani abaki kubeba mizigo. Pakistan iliirithi nzima nzima. Wabengali walikuwa zaidi ya nusu ya raia wote wa Pakistan, lakini kwenye mesi za maofisa walikuwa wachache wa kuhesabika, na utani wa kuwaita wafupi, weusi na waoga ulikuwa wa kila siku. Taher alipigana vita ya 1965 dhidi ya India, akajeruhiwa, na alikuwa pia katika kikosi cha makomando, SSG. Mwaka 1969 alipelekwa Fort Benning, jimbo la Georgia, kusomea vita vya msituni kwa Wamarekani wenyewe.

Mwaka huohuo, akiwa likizo Dhaka, alikuwa akiwafundisha kwa siri vijana wa siasa za mrengo wa kushoto namna ya kutumia silaha na kuendesha vita vya msituni. Aliyefanya mpango huo ni mdogo wake Anwar, mwanafunzi wa chuo kikuu. Ndiyo maana nasema hakugeuka. Watu waliomfahamu wanasema aliingia jeshini makusudi ili ajifunze kupigana, akiamini siku moja Bengali Mashariki italazimika kupigana. Huenda maneno hayo yamepambwa kidogo baada ya kifo chake, kama ilivyo kawaida ya mashujaa, lakini ile likizo ya 1969 haina mapambo.

Siku ya kupigana ikafika. Uchaguzi wa Desemba 1970 Awami League, chama cha Sheikh Mujib, ilichukua viti 167 kati ya 169 vya Pakistan Mashariki, ikawa na wingi wa bunge zima. Majenerali wakagoma kukabidhi madaraka, na usiku wa Machi 25, 1971, jeshi likaanza kuua watu Dhaka. Taher wakati huo alikuwa Pakistan Magharibi, kozini Quetta, umbali wa nchi nzima ya India kati yake na kwao. Julai akatoroka. Walikuwa maofisa wanne wa Kibengali: Taher, Manzur aliyekuwa na mke na watoto wadogo, Ziauddin, na kapteni mmoja aitwaye Patwari. Walivuka mpaka usiku karibu na Sialkot wakaingia India. Shika pia jina la Manzur, na huyu Ziauddin usimchanganye na Ziaur Rahman.

Alipewa kuongoza Sekta ya 11 ya wapigania uhuru, eneo la Mymensingh na Tangail, makao yake yakiwa Mahendraganj, Meghalaya, upande wa India. Macho yake yalikuwa kwenye kituo cha mpakani cha Kamalpur. Kwenye ramani ni kituo kidogo tu, lakini barabara inayoanzia hapo kupitia Jamalpur na Tangail ndiyo njia fupi ya kufika Dhaka, na Wapakistani walikuwa wamejichimbia humo kwa mahandaki ya zege na mabomu ya ardhini. Julai 31 kikosi cha Zia kilikuwa kimejaribu kukivamia kikapoteza watu wengi. Taher akakizingira wiki baada ya wiki. Novemba 14, siku aliyotimiza miaka 33, mlipuko ulimkata mguu wa kushoto juu ya goti. Alikuwa bado hospitalini India Kamalpur iliposalimu amri mwanzoni mwa Desemba, na majeshi yaliyotangulia kuingia Dhaka Desemba 16, siku vita ilipokwisha, yakatokea njia ya Tangail, ileile aliyokuwa akiipigia mahesabu.

Nchi ikampa nishani ya Bir Uttom, ya pili kwa ukubwa, na kwa kuwa ile ya kwanza walipewa marehemu watupu, hiyo ndiyo ya juu kabisa kwa mtu aliye hai. Ndugu zake watatu nao walipata nishani zao. Familia moja, nishani nne.

Sasa hapa ndipo penye kiini cha swali lako. Taher alirudi 1972 akiwa na magongo na mguu wa bandia, akawa mkuu wa utumishi wa jeshi jipya, kisha akapewa brigedi ya Comilla. Jeshi lile "jipya" lilikuwa la zamani lililobadilishiwa bendera. Sheria zake zilikuwa za Waingereza. Ofisa alikuwa na askari mtumishi: kijana aliyekula kiapo cha kulinda nchi, lakini kazi yake ya kila siku ni kupiga pasi nguo za bwana mkubwa, kung'arisha viatu, kwenda sokoni na mke wake na kuwapeleka watoto shule. Fikiria askari aliyeshika bunduki miezi 9 msituni, akilala tope moja na ofisa wake, leo vita imekwisha anaambiwa kaoshe vyombo. Malalamiko mengi ya kambini yalianzia hapo, si kwenye vitabu vya Marx.

Taher alisema nchi masikini iliyobomolewa haiwezi kulisha jeshi la kukaa kambini na kupiga saluti. Akataka "jeshi la uzalishaji": askari walime, wajenge, wafundishe wanakijiji kusoma, wale kwa jasho lao, na ofisa ashike jembe kama kuruta. Comilla alianza kwa vitendo, na askari wake wakapata jina la askari wa plau. Kwa Mtanzania aliyepitia JKT wazo hilo halishangazi. Dhaka lilishtua, kwa sababu lilikuwa linauliza jeshi ni la nani. Ziauddin, aliyekuwa na brigedi ya Dhaka yenyewe, alikuwa na mawazo hayohayo, akafika hatua ya kumshambulia Mujib, sasa kiongozi wa nchi, gazetini kwa mkataba aliouweka na India. Wote wawili wakatoka jeshini mwaka huohuo 1972. Ziauddin akaingia msituni na kundi jingine la kikomunisti. Taher alijiuzulu Septemba, akaajiriwa serikalini kama mkurugenzi wa shirika la mitambo ya kuchimba mchanga mitoni, Narayanganj. Mchana alishughulika na kina cha mito, jioni na siasa.

Chama chake kilikuwa JSD, kilichozaliwa Oktoba 1972 pale vijana wa Awami League walipomeguka wakidai "usoshalisti wa kisayansi". Kilikuwa na wanafunzi wengi na kelele nyingi. Machi 1974 maandamano yake kwenda nyumbani kwa Waziri wa Mambo ya Ndani yalimiminiwa risasi, na viongozi wake Jalil na Rab wakatiwa ndani. Baada ya hapo chama kikaunda jeshi la siri, Gonobahini, na Taher akawa kamanda wake. Njaa kubwa ikapiga mwaka huohuo. Mujib akatangaza chama kimoja Januari 1975, na Agosti 15 wanajeshi wenye vyeo vya kati wakamuua yeye na karibu familia yake yote.

Ya Novemba 1975 lazima niyaeleze polepole, maana hata Wabangladeshi huyavuruga.

Usiku wa kuamkia Novemba 3, Brigedia Khaled Mosharraf, naye mpiganaji shujaa wa 1971, alifanya mapinduzi dhidi ya wauaji wa Mujib na kumfungia Zia nyumbani kwake. Usiku huohuo viongozi wanne wa Awami League waliuawa ndani ya Jela Kuu ya Dhaka. Kwa maelezo ya Taher mwenyewe mbele ya mahakama, alfajiri ile Zia alimpigia simu Narayanganj akiomba aokolewe, na simu ikakatika wakizungumza. Siku zilizofuata nchi ilikuwa haina serikali inayoeleweka, na uvumi ukaenea kambini kwamba Khaled ni kibaraka wa India.

Taher alikuwa na mtandao ambao maofisa hawakuujua vizuri: Shirika la Askari wa Kimapinduzi, seli za siri za askari wa kawaida na masajini. Usiku wa kuamkia Novemba 7, baada tu ya saa sita, wakafyatua risasi hewani kama ishara na kambi ya Dhaka ikaasi. Walikuwa na madai 12. Mapinduzi yasiwe ya kubadilisha kiongozi bali ya masikini. Wafungwa wa kisiasa waachiwe. Maofisa watoke miongoni mwa askari, si kwenye shule za watoto wa wenye nacho. Mishahara ipande na makato ya nyumba yafutwe. Na utaratibu wa askari mtumishi ukomeshwe mara moja. Ukiyasoma unasikia sauti ya watu waliochoka kupiga pasi.

Wakamtoa Zia, wakampeleka makao ya kikosi cha mizinga. Taher alipofika na magongo yake, anasema Zia alimkumbatia na kumshukuru. Mpango ulikuwa kumtoa Zia kambini usiku uleule, apelekwe mjini, nyumba ya Yusuf pale Elephant Road, kisha asimame mbele ya umati na askari na wanachama wa JSD wakiwa wamemzunguka. Zia hakutoka. Maofisa waliomzunguka walimshauri abaki, naye alikuwa na akili ya kutosha kujua kwamba ndani ya kambi yeye ni jenerali, nje yake ni mateka wa Taher. Kwa maoni yangu kila kitu kilipotelea hapo, ndani ya saa chache za alfajiri.

Asubuhi mitaa ya Dhaka ilijaa malori ya askari na raia wakipiga kelele kwamba askari na wananchi ni ndugu. Lakini ukitazama picha za siku ile utaona jambo jingine: kwenye baadhi ya malori watu wamebeba picha ya Khondaker Mostaq, yule aliyewekwa urais na wauaji wa Mujib. Maasi ya Taher yalikuwa tayari yamejaa watu ambao hawakuwa wake. JSD ilitarajiwa kuleta wafanyakazi wa viwandani na wanafunzi kwa maelfu. Walikuja kidogo, bila mpangilio. Jioni Zia alitia saini madai 12 kwenye kituo cha redio, na sahihi hiyo haikumgharimu chochote.

Umeuliza kwa nini Taher alimwamini. Sababu ziko za kutosha. Zia ndiye aliyesikika redioni Chittagong Machi 1971 akitangaza uhuru, kwa hiyo askari walimpenda. Alikuwa amepigana eneo lilelile la Kamalpur, wakawa wanazungumza kwa kirefu kuhusu vita vya msituni. Alikuwa mkimya, na mtu mkimya kila anayemtembelea huondoka akidhani wamekubaliana. Lakini ukiniuliza mimi, kosa lilikuwa kubwa kuliko urafiki. Taher aliyeandika kwamba jeshi la kikoloni lazima livunjwe ndiye aliyekwenda kumtafuta jenerali wa jeshi hilohilo awe kichwa cha mapinduzi. Alihitaji jina la Zia kwa sababu askari wake hawakuwa na jina, na chama chake hakikuwa na umma wa kutosha.

Na kuna damu, ambayo wafuasi wake huipitia mbio. Khaled Mosharraf aliuawa asubuhi ya Novemba 7 pamoja na Huda na Haider, wote wapiganaji wa uhuru. Siku hiyo na iliyofuata zilisikika kambini kelele za kutaka damu ya maofisa, na maofisa kadhaa wakauawa, wengine bila kosa lolote. Sijaona ushahidi kwamba Taher aliagiza vifo hivyo. Lakini aliyewasha moto ule ni yeye, na hakuwa na namna ya kuuzima. Matokeo yake kila ofisa aliyeogopa kuuawa na askari wake alikimbilia chini ya mbawa za Zia, na Zia akapata kitu ambacho hakuwa nacho Novemba 6: jeshi lililomhitaji.

Jalil na Rab, waliokuwa wametoka tu jela, walikamatwa tena Novemba 23, na Taher Novemba 24, eneo la Chuo Kikuu cha Dhaka. Siku mbili baadaye vijana wa JSD, wakiwemo Bahar na Belal, walijaribu kumteka Balozi wa India, Samar Sen, ili wabadilishane naye. Walinzi wakawawahi. Wanne waliuawa, Bahar mmoja wao, na Belal akajeruhiwa. Balozi alipigwa risasi begani akapona. Sijui zawadi gani bora zaidi ya hiyo Zia angeweza kupewa.

Kesi ilisikilizwa Juni na Julai 1976 ndani ya Jela Kuu ya Dhaka, mbele ya mahakama maalumu ya kijeshi iliyoundwa kwa ajili hiyo. Washitakiwa walikuwa 33. Milango ilifungwa, bunduki za rashasha zikiwa getini, mawakili wakala kiapo cha kutosema walichoona, na sheria haikutoa nafasi ya rufaa. Mwandishi Mmarekani Lawrence Lifschultz alijaribu kuripoti akafukuzwa nchini. Taher alisoma utetezi wake kwa saa nyingi, akieleza maisha yake yote, na maelezo hayo yakatoroshwa nje ya jela. Mengi ninayokuambia hapa kuhusu usiku wa Novemba 7 yametoka humo, kwa hiyo uyapime kama maneno ya mtu anayejitetea.

Hukumu ilitoka Julai 17. Jalil na Yusuf walipewa kifungo cha maisha, Rab na Anwar miaka 10, na wote baadaye wakaachiwa. Wa kunyongwa alikuwa mmoja tu. Kosa aliloshitakiwa halikuwa na adhabu ya kifo katika sheria iliyokuwepo, na watawala wakaja kurekebisha sheria siku chache baada ya kumnyonga. Umesoma sawasawa: mtu kwanza, kifungu baadaye.

Alinyongwa alfajiri ya Julai 21, 1976. Waliokuwa naye jela wamesimulia kwamba aliamka, akanyoa ndevu na kuoga. Askari jela walipotaka kumsaidia kuvaa, akakataa, akafunga mguu wa bandia kwa mikono yake, akavaa viatu, akakata embe alizoletewa na mkewe akala pamoja na waliokuwepo. Mwili ulipelekwa Kazla kwa helikopta na askari wakawekwa kulinda kaburi. Mkewe Lutfa alibaki na watoto watatu wadogo.

Umauti wa Zia mwenyewe ulimfika Mei 30, 1981, alipouawa Chittagong na maofisa wa jeshi. Lawama ikamwangukia kamanda wa huko, naye akauawa akiwa mikononi mwa jeshi kabla ya kufikishwa mahakamani. Kamanda huyo ni Manzur, yule aliyevuka na Taher Sialkot akiwa na watoto.

Machi 22, 2011, Mahakama Kuu ya Dhaka, kwa ombi la Lutfa na Anwar, ilitamka kwamba kesi ile ilikuwa batili tangu mwanzo na kwamba kunyongwa kwa Taher kulikuwa mauaji ya makusudi yaliyopangwa na Zia. Lifschultz alirudi Dhaka kutoa maelezo. Kisheria sioni pa kuibishia hukumu hiyo kuhusu uharamu wa kesi. Kisiasa, usiisome ukiwa umefumba macho: Awami League ilikuwa madarakani, mpinzani wake mkuu alikuwa Khaleda Zia, mjane wa Zia, na kila neno baya juu ya Zia lilikuwa na mnunuzi. Awami League hiyohiyo ndiyo ambayo Taher aliunda jeshi la siri kupambana nayo.

Ndiyo maana ukikutana na Mbangladeshi, iwe Muscat, Dubai au London, usiulize tu "Taher alikuwa nani". Muulize Novemba 7 kwao ni siku gani. Wa BNP, chama cha Zia, atakuambia ni siku ya mapinduzi na mshikamano wa taifa, ya Zia. Wa JSD atasema ni ya maasi ya askari na wananchi, ya Taher. Wa Awami League atakuambia ni siku walipouawa maofisa wapigania uhuru, akimaanisha Khaled na wenzake. Ukishajua anasimama wapi, hapo muulize habari za Taher, na usikilize anaanzia mwaka gani: 1971, 1974, au 1976.